Tope Jeupe

21 Septemba

Tumehamia kambini leo. Trekta moja ilitosha: miti ya kibanda, magunia, nyavu, mapipa ya maji, mbuzi, na juu ya vyote mama mkwe wangu Hurbai, amekumbatia sanduku lake la bati. Mvua zimekwisha. Hori, mkono huu wa bahari, ina rangi ya chai ya maziwa. Tutakaa hapa hadi upepo ugeuke mwezi wa tatu, kisha turudi kijijini, kama kila mwaka.

Mume wangu Siddik ameuelekeza mlango wa kibanda baharini. Zamani ulitazama mikoko ya ng'ambo ya hori. Sasa ng'ambo ile ni yadi ya makaa ya mawe ya bandari, na lundo la mwisho limefika ukingoni kabisa mwa maji. Baba mkwe, Mzee Alimamad, aliutazama mlango akauliza, "Unampa jirani mgongo?"

"Jirani ndiye aliyeanza," Siddik akasema.

22 Septemba

Sisi si watu wa mashua. Tunavua kwa miguu. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mpaka haionekani, nasi huifuata juu ya tope, tukasimika nyavu kwenye miti na kuokota kaa. Zaidi ya yote humtafuta levti, yule samaki mwenye macho utosini, anayetambaa nje ya maji kwa mapezi yake kama mtoto wa miezi minane. Huchimba shimo topeni na kupumua kwa ngozi yake mbichi. Mjini wanampenda kuliko samaki wowote wa mashua.

Siku ya kwanza ya msimu hutangulia mkubwa wa ukoo, na wengine wote hukanyaga nyayo zake. Leo ametangulia Baba. Hatumii fimbo, anatazama rangi tu. "Jeusi ni mgongo, jeupe ni mdomo," ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Tope jeusi lina mchanga chini yake, linambeba mtu. Jeupe ni laini, linameza. Tulimfuata kama vifaranga vya bata.

Mashimo ya levti yako machache, na mengi yameziba. Mwaka jana yalikuwa machache pia, lakini tulisema ni mvua.

Usiku wakati wa kula Siddik alisema, "Nitalisema hili mara moja. Levti wasiporudi kabla upepo haujageuka, nauza nyavu na miti yake. Jakab ameshaniulizia kazi yadini."

Baba alikuwa anamega mkate wa uwele. Aliendelea kumega. "Uza za kwako," akasema. "Zangu ziache topeni pamoja na mimi."

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: moyoni nilikuwa upande wa Siddik. Wafanyakazi wa yadi, kama mdogo wake Jakab, wana vyumba vyenye bomba ndani.

30 Septemba

Kaa wachache. Kamba wadogo. Levti hakuna.

4 Oktoba

Ijumaa. Jakab, mdogo wake Siddik, amekuja na sukari guru na kitambaa cha mama yake. Ni dereva wa buldoza yadini mwaka wa tatu sasa. Tangu alipoianza kazi hiyo Baba hajamsemesha. Anasema naye kupitia mbuzi.

"Mbuzi," Baba akasema baada ya chai, "hebu muulize mgeni kama huko kwao kuna maji ya kunawa, maana kucha zake zinanitisha."

"Mbuzi, mwambie mwenyeji maji yapo, makaa ndiyo yamezidi," Jakab akajibu.

"Mbuzi, mwambie tumeyaona. Mengine yamekuja kututembelea."

Hurbai alimtupia kila mmoja kipande cha sukari guru. "Na mbuzi naye apewe ujira," akasema, "maana humu ndani ndiye pekee anayefanya kazi."

Nilicheka. Lakini Jakab alipoondoka nilimwona anatembea akijitazama kucha. Sikumwonea huruma sana. Nilimwona kama mtu aliyehama upande.

19 Oktoba

Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Maji yalipojaa kabisa niliona kitu ambacho sikukigundua mwanzoni. Ukuta wa udongo uliolizuia lile lundo la ukingoni umebomoka, labda tangu mvua. Maji yanalilamba lundo lenyewe, yanaondoka na utando mweusi unaong'aa, na yakipwa yanautandaza juu ya tope kama mtu anayepaka mafuta kwenye sufuria. Nilimwonyesha Siddik. Akasema, "Ndiyo." Alikuwa ameshaona.

10 Novemba

Upepo wa bara umeanza. Unapita juu ya yadi kwanza, ndipo unatufikia sisi. Asubuhi hii maji ya kunywa yalikuwa na ngozi juu yake. Samaki tuliowaanika wana madoa, na mfanyabiashara alisugua mmoja kwa kidole gumba, akamrudisha kwenye kamba ya kuanikia.

Majani ya mikoko iliyobaki ni meusi upande wa juu. Ukiyapangusa, chini yake ni ya manjano, kama ngozi iliyofungwa bandeji muda mrefu.

11 Novemba

Nimemfungua kaa aliyekufa ndani ya kikapu. Shuleni tulifundishwa sehemu zake, kwa hiyo nilijua pa kutazama. Matamvua yake, ambayo hupaswa kuwa laini na meupe kama pamba, yalikuwa kama tambi za taa zilizokwisha kuungua. Nilifungua wengine. Ni vilevile. Mnyama anavuta maji apate pumzi, naye anavuta masizi. Na levti je, anayepumua kwa ngozi na kugaagaa katika utando huo?

Nilimpelekea Baba. Alilitazama gamba lile wazi, akalifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Nilidhani wamehama," akasema.

27 Novemba

Upepo uleule.

15 Desemba

Upepo uleule. Hurbai anakohoa. Amefua nguo yake nyeupe ya sala, akaianika, akaifua tena, kisha akaivaa ikiwa mbichi.

3 Januari

Siddik ameanza kuongea juu ya kazi ya yadi kama kitu kilichokwisha kuamuliwa. Saa za zamu, viatu wanavyopewa. Nilitarajia kufurahi. Nilijikuta namwuliza kama huko yadini mtu anaona maji yakipwa. Akanitazama kama niliyemwuliza kwa lugha nyingine.

14 Januari

Sikukuu ya tiara. Anga ya kijiji imejaa tiara za karatasi. Zote zilivutwa upande mmoja, baharini, kwa upepo wa bara. Hurbai alisema, "Angalau leo upepo huu unafanya kazi ya maana."

22 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo ni bamvua ya mwezi mwandamo. Maji yalikupwa mbali sana. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Siddik alienda kwenye nyavu zake. Baba akasema atavuka mkondo aende ng'ambo, chini ya mikoko iliyobaki karibu na yadi, kwa sababu zamani levti walikuwa wengi huko na pengine wamejificha. Nilimfuata na kikapu na ndoo ya bati, nikiwa nyuma yake kama umbali wa kutupa jiwe.

Alikuwa anatazama chini, anatembea juu ya jeusi, kama siku zote. Kote kulikuwa jeusi. Nililiona hilo na sikulielewa. Nilikuwa nawaza jinsi njia ilivyo nzuri leo.

Kisha nikamwona anapungua.

Hakupiga kelele. Alizama hadi magotini, akajaribu kuutoa mguu mmoja, ule mwingine ukaenda hadi kwenye paja. Nilipomkaribia aliinua mkono. "Simama hapo hapo, Sherbanu." Alichota tope, akalipangusa kwa kidole gumba. Utando mweusi ukatoka. Chini yake tope lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Limepakwa rangi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa ng'ombe mbovu. "Nimeukwepa mdomo miaka sabini kwa kuujua, leo umevaa nguo za mgongo."

Nilimwita Siddik. Alikuja mbio, akamshika mikono akamvuta, na yeye mwenyewe akazama hadi magotini. "Acha," Baba akasema. "Ukinivuta utabaki na nusu, na nusu hiyo ndiyo yenye mdomo. Mama yako hatakusamehe." Wakati huo tope lilikuwa limefika kiunoni, na kwa mbali nilisikia sauti ninayoijua tangu utotoni, kama watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu. Maji yalikuwa yanarudi.

Nilikimbia kuelekea ukingo wa yadi, maana ndio uliokuwa karibu, nikipiga ndoo ya bati kwa jiwe. Buldoza moja ilikuwa juu ya lundo. Ilisimama. Dereva alitoka, akaweka mkono juu ya macho, na kabla sijasema lolote alikuwa ameshaona kilemba chekundu cha Baba katikati ya tope. Alikuwa Jakab.

Hakuuliza. Pembeni mwa ule ukuta uliobomoka kulikuwa na mkanda wa zamani wa kubebea makaa, mpira mzito, mpana kama mlango, mrefu kama barabara ya kijijini. Aliufunga kwa mnyororo, akauburuta kwa buldoza hadi ukingoni, akawaita wenzake wawili, wakausukuma na kuukunjua juu ya tope mbele yao kama watu wanaotandika zulia. Haukuzama. Jakab alilala kifudifudi juu yake, akatambaa.

Siddik alikuwa ameshajitoa, amelala ubavu, anamshikilia baba yake kwapani. Maji ya kwanza yalikuwa yanapita kati yao, membamba, yenye povu jeusi.

Baba alimtazama mwanawe anavyokuja juu ya mpira ule. "Zulia la harusi ya nani hilo?" akasema. Lakini alisema akitazama pembeni, akitafuta pa kulielekeza swali.

"Hapa hakuna mbuzi, Baba," Jakab akasema. "Sema na mimi."

Maji yalimfika Baba kifuani. "Niliapa sitakanyaga kitu cha yadi hiyo," akasema mwishowe, akimtazama.

"Basi usikanyage. Lala."

Akalala. Alijitupa kifua chake juu ya mkanda na kuukumbatia. Jakab na Siddik walichimba kwa mikono kuizunguka miguu yake ili maji yaingie yalegeze tope, mmoja huku, mwingine huko, na nilisikia Jakab anasema, "Kaka, wewe goti, mimi kisigino," kama walipokuwa wadogo wakigawana kazi. Mguu wa kwanza ulitoka kwa sauti kubwa ya aibu. Baba akasema, "Si mimi." Hapo nilianza kulia, nikiwa nacheka.

Wa pili ulichelewa. Maji yalikuwa shingoni mwa Jakab ulipotoka. Wenzake ukingoni waliuvuta mkanda kwa buldoza, taratibu, wote watatu wakiwa wamelala juu yake kama samaki wa kuanikwa.

Yuko hai. Naandika tena nilione neno hili. Yuko hai.

23 Januari

Amekataa kuoga.

Tope limemkauka mwilini kuanzia kifuani hadi unyayoni, jeusi juu, jeupe ndani ya mikunjo. Hurbai alimpelekea maji ya moto mara mbili. "Sitaoga mpaka mwenye uchafu huu auone," akasema.

"Na atakayelala na wewe ni nani?"

"Mbuzi."

"Mbuzi ana heshima zake," Hurbai akasema, akamwaga maji.

24 Januari

Baba amekaa mbele ya lango la yadi tangu alfajiri, kwenye gunia, na tope lake. Nimemwandikia afisa wa mazingira wa wilaya, na Jakab ameupeleka ujumbe kwa simu pamoja na picha. Nikamwuliza haogopi kufukuzwa? "Naogopa," akasema. "Lakini tangu juzi nimesemeshwa mara nne, shemeji. Unajua mara nne ni nyingi kiasi gani?"

Nimekuwa nikimwona vibaya mtu huyu.

26 Januari

Sikukuu ya taifa. Ofisi zimefungwa. Baba bado yuko langoni. Mlinzi amemletea kiti na chai, akamwomba akae upande ambao upepo hautoki kwake. Watu wa kambi nyingine za hori wamekuja kumwangalia, na wengine wamebaki naye.

27 Januari

Afisa amekuja. Ni mwanamke wa makamo, Pallaviben, mwenye viatu vinavyofaa kuingia matopeni, naye aliingia. Alijaza chupa zake tope. Nilimfungulia kaa mbele yake. Aliyatazama matamvua muda mrefu, akasema, "Huyu amekufa kwa kukosa pumzi akiwa ndani ya maji." Ndivyo nilivyofikiri, lakini ilinipa faraja kulisikia likisemwa na mtu mwenye muhuri.

Meneja wa yadi, kijana mpole aliyevaa shati la mikono mirefu, alieleza kuwa hakuna makaa yanayotoka nje ya uzio wao.

Baba aliinuka kwenye kiti. Alipandisha kikoi chake hadi magotini. "Basi haya ni yenu, nimeyachukua bila ruhusa," akasema. "Nimekuja kuyarudisha. Niyaweke wapi?"

Hata mlinzi aligeuka akatazama ukuta. Meneja hakucheka, lakini aliuinamisha uso, na nadhani wakati huo ndipo alipolitazama tope kwa mara ya kwanza.

Amri: ukuta ujengwe upya kabla Februari haijaisha, lundo la ukingoni lirudishwe nyuma, na malundo yamwagiwe maji siku za upepo. Pallaviben ameniachia namba yake.

28 Januari

Ameoga. Sabuni nzima imekwisha. Hurbai anasema chini ya tope lile alikuta mzee mmoja anayemfahamu.

13 Februari

Jakab ndiye anayeendesha buldoza kwenye ukuta. Baba hukaa upande wetu wa hori, amejifunika blanketi, anamwelekeza kwa sauti ya juu ingawa injini haimruhusu mtu kusikia. "Kushoto. Kushoto, wewe. Ulizaliwa kinyume na unajenga kinyume." Mbuzi amefungwa nyuma ya kibanda, hana kazi.

20 Februari

Siku mbili hawakumwagia maji malundo. Nilimpigia Pallaviben. Jioni mabomba yalifunguliwa. Sasa najua kuwa hili litakuwa jambo la kupigiwa simu kila mara. Sawa. Ninayo simu.

25 Februari

Ukuta umekwisha. Bamvua ya jana ilifika kwenye ukuta ikarudi kama ilivyokuja, ya kahawia tu. Lakini levti hakuna. Tope bado jeusi. Tunatembea na fimbo, hata Baba. Anaishika kama kitu alichoazimwa.

2 Machi

Siddik amezifunga nyavu zake mafungu mafungu na kuyapanga ukutani. Mnunuzi anakuja tarehe kumi. Nilitaka kumwambia, "Sitaki ile nyumba yenye bomba tena." Nikaosha vyombo.

7 Machi

Upepo umegeuka usiku. Niliamka kwa harufu: chumvi tu.

9 Machi

Bamvua kubwa ya mwezi huu imepita, maji yakivuta siku tatu kwa nguvu. Leo asubuhi Baba alitoka kabla yetu. Tulipoona fimbo yake imebaki mlangoni, Siddik alikimbia bila viatu, na mimi nyuma yake.

Tulimkuta karibu na mkondo, amechuchumaa juu ya mgongo wa mchanga mweusi. Mbele yake, hatua moja tu kutoka kwenye vidole vyake, utando ulikuwa umeondoka, na tope lilikuwa jeupe, sehemu pana kama uwanja wa kuanikia samaki, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Mtu yeyote angeliona. Mtoto angeliona.

"Usikanyage hapo, Baba," nikasema.

"Najua," akasema. "Napatazama tu."

Tukachuchumaa na sisi. Baada ya muda tope lilitikisika, likafanya tundu, na tunduni yakatoka macho mawili utosini mwa kitu kidogo cha rangi ya udongo. Kilitutazama. Kikatema tope mdomoni mwake, kikarudi, kikatoka na jingine. Kilikuwa kinasafisha nyumba. Mbali kidogo levti mwingine aliruka, mwili mzima hewani, akaanguka kwa kofi dogo.

Siddik alirudi kibandani, na kutoka pale tulipokuwa nilimwona anakata kamba za mafungu ya nyavu, moja baada ya nyingine, bila kuhangaika kufungua mafundo.

"Kamba nzuri zile," Baba akasema. "Anaziharibu." Lakini hakuinuka kwenda kumzuia.